Pua ya Kulwa

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali umejifunika khanga hadi machoni, na kila anayeingia anakutazama mara mbili, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Benchi hilo nalijua. Upande wa ukutani lina msumari uliochomoza, unachana nguo. Mambo ya dawa siyajui na sitayagusa. Hayo muulize daktari, na ukimuuliza usiondoke kabla hajakujibu. Mimi nitasema yale ambayo daktari hayaoni kwa sababu jioni hurudi nyumbani kwake.

Naitwa Doto. Anayelijua jina hilo ameshajua kwamba nina mwenzangu, Kulwa, aliyetangulia kutoka. Tulizaliwa Ushirombo, mama Msukuma na baba Msumbwa, watu wa jembe na wa misa ya Jumapili. Tulifanana kiasi kwamba mpaka leo nyumbani kuna ubishi kama padri hakumbatiza mmoja wetu mara mbili akamruka mwingine. Mwalimu wa darasa la kwanza alimchapa Kulwa kwa makosa yangu, na Kulwa akala maandazi yangu kwa shukrani za watu nisiowajua.

Mama alikuwa na sheria moja juu yetu. Kinachoingia mdomoni mwa mmoja lazima kiingie mdomoni mwa mwingine. Yai la kuchemsha alilikata kwa uzi, kiini katikati kabisa. Mmoja akishikwa na homa, wote wawili tulikunywa kwinini, na yule mzima ndiye aliyelia zaidi. Wazee walimwambia siku aliyojifungua kwamba pacha ukimpunja mmoja, hukasirika akarudi alikotoka, na mama hakutaka kuona kama ni kweli. Alikuwa ameshawazika watoto wawili kabla yetu.

Ninachotaka uelewe ni kwamba sikuzoea kuwa na uso wa peke yangu. Tangu utoto, mtu kuniita Kulwa njiani kulikuwa sehemu ya siku, kama kuamkiana. Niliitikia tu. Nilipougua ndipo nilipogundua kwamba nilikipenda kitu hicho, na kwa miaka yote ile nilichokitaka hakikuwa uzuri. Nilitaka mtu anichanganye na dada yangu tena.

Tulipokuwa watu wazima mimi niliolewa Nyahanga, pale Kahama, na fundi baiskeli, mtu mpole anayeongea na spoku kuliko anavyoongea na binadamu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema. Kulwa aliolewa na kijana aliyeajiriwa Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Ilikuwa miaka ile sabuni ilipoadimika, mtu akipata mche anaukata vipande na kuvificha kabatini. Kipele kilitokea kwenye ncha ya pua yangu, upande wa kushoto. Hakikuuma. Hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu kingeuma ningekimbia nacho. Kilikuwa laini, rangi ya kahawia iliyoingia wekundu, kinafanya gamba, gamba linabanduka, kinarudi kikubwa kidogo.

Zahanati walinipaka dawa ya zambarau, nikatembea na pua ya zambarau na watoto wa jirani wakafurahi sana. Mama mkwe akanipeleka kwa mganga, nikachanjwa chale na kupakwa majivu, na kidonda kikapata nafasi ya kutanuka. Kiangazi kikaisha, mvua za kwanza zikanyesha, watu wakapanda, na mimi bado nafuta usaha kwa pindo la khanga.

Nyahanga wakati huo ilikuwa njia ya wachimbaji wa dhahabu, wanaokwenda na wanaorudi. Wachimbaji wana maelezo ya namna moja tu ya mwanamke aliyeharibika pua. Ameng'atwa, ama na mke mwenza, ama na mume aliyemfumania. Huko mashimoni watu hung'atana kweli wakilewa, kwa hiyo siwalaumu kwa kukisia, nawalaumu kwa kukisia kwa sauti. Muuza chai mmoja alimvuta mume wangu pembeni na kumshauri, kwa nia njema kabisa, kwamba siku nyingine atumie makofi. Mume wangu alirudi nyumbani akanisimulia, na usiku huo hatukula.

Ndipo tukaenda hospitali ya misheni. Walikata kinyama kidogo kwenye kidonda wakakipeleka Mwanza, na majibu yalirudi wakati watu wameanza kuchuma pamba. Kilikuwa kifua kikuu cha ngozi. Nilisema kwamba mimi sikohoi. Sista aliyekuwa anasimamia wagonjwa wa namna yetu, mtawa mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniambia kwamba pua nayo haikohoi, lakini ndiyo inayoumwa.

Nilianza na sindano, kila asubuhi, isipokuwa Jumapili. Makalio yakawa magumu, masikio yakavuma kama mtu aliyesimama karibu na mashine ya kukoboa. Sindano zilipokwisha nikapewa vidonge vya kumeza kwa miezi mingi, na mama akaja kunichukua nikapumzike kwake Ushirombo. Kulwa alikuwa huko tayari, na mtoto mchanga mgongoni, akingoja mumewe apewe nyumba ya kampuni. Kwa msimu mzima wa kilimo tulilala tena chumba kimoja kama wasichana. Watu walitutofautisha kirahisi wakati huo. Walisema yule mwenye kidonda na yule asiye nacho.

Dawa zangu mama alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, juu darini, panya wasizifikie. Asubuhi alinipa mkononi pamoja na kikombe cha uji. Vilikuwa vipande vipande, nikadhani hospitali ndivyo wanavyovikata. Sikuhesabu wala sikuuliza. Anayekupa ni mama yako.

Kidonda kilifunga. Kulwa akaenda Mwadui, mimi nikarudi Nyahanga na pua iliyochubuka tu, na kwa muda mfupi nilijiona mjanja. Kabla ya mvua zilizofuata kikafumuka upya. Safari hii hakikubaki juu. Kilikula ndani, na asubuhi moja nikinawa niliona ncha ya pua imelala upande, kama hema lililong'olewa mti wa katikati.

Tulikaa kwenye benchi mimi na mama tangu jua la asubuhi hadi mchana. Tulipoingia, daktari wa hospitali, kijana aliyekuwa na haraka, aliniuliza kama nilimeza vidonge vyote. Nikasema nilimeza kila siku. Akauliza tena, kwa namna ya mtu asiyeamini, na mama akaona nimeonewa.

"Wote walimeza, baba daktari," akasema, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Huyu na mwenzake, nusu kwa nusu. Sikumpunja hata mmoja. Hawa ni pacha."

Daktari akaweka kalamu chini. Sista akatazama dirishani. Mama akaendelea kueleza jinsi alivyokuwa akivikata kwa kisu kikali ili visimomonyoke, na jinsi Kulwa alivyovumilia uchungu wake ingawa hakuwa mgonjwa.

Nilikasirika. Sitalipamba neno hilo. Sista alimkalisha mama na kumweleza kwa Kisukuma, polepole, kwamba kidonge kilipimwa kwa mwili mmoja, na kwamba nusu ile ilimchosha tu mdudu, akalala, akaamka na nguvu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Kulwa naye atadhurika?" Katika yote niliyoyapitia, sindano na visu, sikumbuki kilichonichoma kuliko swali hilo. Leo naelewa kwamba alikuwa akiuliza kwa jinsi alivyotufundisha yeye mwenyewe, kwamba kinachompata mmoja kiko njiani kumfikia mwingine. Siku ile sikuelewa, na sikutaka kuelewa.

Kulwa alipimwa akaonekana mzima. Baada ya hapo hakuja tena kwangu. Habari zilizonifikia ni kwamba wakwe zake wanaogopa maambukizi, nikaziamini, kwa sababu ni rahisi kuwachukia wakwe za mtu mwingine.

Tukaanza upya. Sindano tena, vidonge tena, ila sasa mume wangu ndiye aliyeshika dawa. Alizitia kwenye kopo la gundi na viraka vya mipira, na kila asubuhi, kabla hajagusa baiskeli ya mtu, alisimama mbele yangu mpaka aone koo limeshuka. Hakusema kitu. Nilimeza dawa zenye harufu ya gundi kwa misimu miwili ya mvua. Kama una mtu wa namna hiyo nyumbani, usimwone mkavu.

Mwisho wake daktari alisema nimepona. Ilikuwa kweli. Nilikuwa mzima, na ncha ya pua sina. Kilichobaki kilikuwa kovu linalong'aa, tundu la kushoto limeanguka na kuziba nusu, la kulia limevutwa juu. Usiku nilipumua kwa mdomo na kuamka ulimi mkavu. Mchana nilivaa khanga hivi kwamba waliohamia karibuni walidhani nimesilimu. Sokoni nilienda jioni, wauzaji wanapofunga, nikanunua nyanya zilizobonyea. Hakuna aliyeniita Kulwa.

Kuna jambo la kukuambia juu ya kupona, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Ukiwa mgonjwa watu wanakuja na uji. Ukishapona ukabaki umeharibika, uji unakoma, na kila mtu anangoja ushukuru. Nilishukuru. Nilishukuru kanisani, nimekaa nyuma ya nguzo.

Ni Sista aliyetuma ujumbe kwamba kila kiangazi huja daktari wa upasuaji, kwa ndege ndogo, kuwashona watu wa uso. Tulipofika, benchi lilikuwa limejaa watoto wenye midomo iliyopasuka, msichana aliyeungua shavu, mzee aliyechanwa na fisi. Nilikaa katikati yao nikateremsha khanga hadi shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kukaa mbele za watu na uso mtupu, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Msichana aliyeungua alinisogezea karanga.

Daktari huyo alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alinibonyeza pua muda mrefu. Kisha alimwomba mume wangu, ambaye hata hospitali alikuja na mfuko wake wa kazi, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Akakata vipande viwili vyembamba, akavikunja kila kimoja kama upinde, akavisimamisha mezani vikiwa bega kwa bega. Vikaanguka, kimoja huku, kingine kule. Ndivyo ilivyo pua yako, akasema, ndani ya ngozi kuna pinde mbili kama hizi na mmoja umeliwa. Akachukua sindano na uzi, akapitisha katika kipande cha kwanza, akavuka hadi cha pili, akarudi alikotoka, akaacha ncha zote mbili za uzi katikati. Akampa mume wangu azivute.

Mume wangu akavuta. Pinde zikainuka, zikaegemeana, na pale juu pakatokea ncha, ncha ya pua kabisa, kwenye mpira wa baiskeli. Akafurahi, akaongeza nguvu. Mpira ukabanwa, ukachongoka.

"Hapo umeshamziba pumzi," daktari akasema. "Fungua kidogo. Tena. Acha hapo."

Mume wangu alibaki ameshika uzi ule kama ameshika kifaranga. Baadaye aliniambia kwamba ndipo alipomwamini yule bwana, kwa sababu fundi anayebana kupita kiasi huharibu kila anachokishika. Daktari alieleza kwamba angechukua kipande cha gegedu nyuma ya sikio langu kijaze palipoliwa, kisha afunge nyuzi za namna ile, nyingine za kuunganisha, nyingine za kupinda, nyingine za kuinua. Halafu akauliza kama nina picha yangu ya zamani, ajue ncha ilikaa vipi.

Picha ilikuwa moja, ya harusi. Nimeinama ndani yake kama bibi harusi aliyelelewa, na kinachoonekana ni utosi na maua.

"Picha ipo," mume wangu akasema. "Inaishi Mwadui."

Nilikataa. Nilisema bora anibunie pua yoyote, hata ya mzungu, kuliko kumwita Kulwa. Mume wangu hakubishana, si kawaida yake. Kesho yake alipanda basi la Shinyanga.

Kulwa alifika pamoja na mama, maana mama akisikia mmoja wetu anaitwa huja na yeye. Sikuwa nimemwona tangu ugonjwa uliporudi. Niliuona uso wangu unapanda ngazi za hospitali, na pua yake juu. Neema, aliyekuwa katika umri wa kusema kila kitu, alimtazama, akanitazama, akauliza kwa nini mama mkubwa yeye amepona. Mama akambeba akaenda naye kwenye bomba.

Tukabaki wawili kwenye benchi. Muuguzi akaja, akaita mtu mwingine, akaondoka.

"Wakwe zangu hawajawahi kunikataza," Kulwa akasema. "Ni mimi. Nilijua ile ni dawa yako. Nilimwambia mama siku ya kwanza, akalia, nikameza."

"Ungeweza kuitema nje."

"Ningeweza. Nikikuangalia naona nilichokimeza."

Nilikuwa na maneno niliyoyatunza kwa misimu miwili, yamepangwa vizuri, na mengine yalikuwa ya kuumiza kweli. Nilimwangalia. Alikuwa amekonda. Nikamwambia asogee, pale alipokaa kuna msumari. Akasogea, akawa ameniegemea, na hivyo ndivyo tulivyokaa mpaka alipoitwa kupimwa.

Daktari alichukua waya laini wa shaba, akaulaza juu ya pua ya Kulwa kuanzia kati ya macho, akaukandamiza kwa kidole hadi ukashika mteremko wote, ukapita juu ya ncha ukaingia chini. Mwingine akaukunjia kwa upana, kutoka tundu hadi tundu. Kulwa alikaa bila kupepesa, machozi yanashuka pembeni ya waya, na daktari alikuwa akiyafuta ili waya usiteleze.

Mama alisimama mlangoni akiangalia. Kazi ilipokwisha akauliza jambo alilokuwa amelibeba tangu Ushirombo.

"Na huyu mtamshona wapi?"

Daktari alidhani hakusikia vizuri. Akasema Kulwa hana pa kushonwa, ni mzima. Mama akasema basi na Doto asishonwe. Hakupaza sauti. Alisema anajua alikosea kwenye vidonge, ameungama, lakini kisu ni jambo jingine. Kisu kikimwingia mmoja peke yake, mwingine atajiona amepunjwa, na yeye wa kuzika ameshazika. Nilimwambia kwamba nitashonwa, apende asipende, na nilipoona uso wake nikatamani ningelisema kwa namna nyingine.

Sista ndiye aliyetuvusha. Alileta plasta na makasi. Daktari alimtazama, akaelewa, akamkalisha Kulwa kwenye kiti na kumbandika plasta puani, moja ya kulala na mbili za kusimama, kwa makini yaleyale ambayo angeyatumia kwangu. Akamwonyesha mama. Mama akaigusa, akaangalia kama imekaa sawa, akasema sasa wanaweza kuendelea.

Upasuaji wenyewe siujui. Nilipigwa nusu kaputi nikihesabu kwa Kisukuma, na nilipoamka koo lilikuwa limekauka, pua imejazwa pamba hadi nikadhani kichwa chote ni pamba, na sikio la kulia limefungwa. Hayo ndiyo nitakayokuonya. Utaamka unapumua kwa mdomo, utaogopa, utataka kuvuta ile pamba. Usiivute. Omba mtu akushike mkono. Mimi alinishika Kulwa, amelala kitanda cha pili kwa sababu mama alitaka hivyo. Alikuwa na bendeji sikioni pia. Mama alikuwa ameliona sikio langu na kuuliza.

Jioni aliingia muuguzi wa zamu ambaye hakuwepo mchana. Aliona wanawake wawili wenye uso mmoja, plasta moja, bendeji moja. Akaenda kwa Kulwa, akamwambia ageuke. Kulwa alikuwa na usingizi, akageuka. Nilimwona muuguzi anapandisha khanga yake na kuinua sindano, na nikaona kwamba dada yangu angeipokea bila kuuliza.

"Kulwa," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua, "hiyo ni yangu."

Muuguzi akaruka. Kulwa akafumbua macho, akaniangalia.

"Niachie yangu yote," nikamwambia, na kilichofuata ni kwamba tulicheka, jambo ambalo daktari alikuwa amelikataza. Pua iliniuma mpaka asubuhi. Dawa ile niliipata nzima.

Nyuzi za nje zilitolewa kabla ya wiki kwisha. Za ndani zimo humo hadi leo. Sizisikii, isipokuwa kipupwe cha Juni kikiingia napata ubaridi mdogo pale juu, kama mtu amenigusa kwa ncha ya kijiko. Usijitazame kwenye kioo siku ya kwanza. Mimi nilijitazama, nikaona kitu kilichovimba kama kiazi, nikalia nikidhani ndiyo pua yenyewe. Uvimbe ulikaa mwezi wa kwanza, ukapungua, ukarudi kila nilipoinama. Chafya upige mdomo wazi. Usilale kifudifudi. Usibebe ndoo kichwani wala usipulize moto. Ukiwa mwanamke wa huku kwetu, hilo la mwisho maana yake ni kwamba huwezi kupika, na hapo ndipo utakapojua ndugu zako.

Kulwa alikaa Nyahanga mpaka tulipomaliza kupalilia mahindi. Alipuliza moto wangu, akabeba maji yangu, na plasta yake hakuitoa mpaka yangu ilipotolewa, ingawa ngozi ilikuwa inamwasha. Wateja wa mume wangu walidhani fundi ameoa wawili na kuwang'ata wote. Tulikuwa hatuongei sana. Mama alikuja mara moja, akakata yai kwa uzi, akatupa nusu nusu. Nikala nusu yangu. Nilimsamehe hivyo, bila siku maalumu.

Daktari alipokuja kiangazi kilichofuata alileta waya zake za shaba, akazilaza juu ya pua yangu. Waya wa mteremko ulikaa karibu sawa. Ule wa upana uliacha nafasi upande wa kushoto, pale penye kovu. Alisema ukweli. Ngozi iliyoungua kwa ugonjwa haivutiki kama ngozi nzima, na hapo angekaza zaidi ningekosa pumzi. Nilimwambia napumua. Alinipa zile waya nizichukue, kwa sababu hakuwa na mgonjwa mwingine wa kuzitumia, na mume wangu amezitundika ukutani pamoja na spana zake.

Kwa hiyo usitegemee kurudishiwa kilekile. Mimi nilijua kwamba sifanani tena na Kulwa. Nilijua kila tulipokaa pamoja, na nikaacha kukitaka kile nilichokitaka.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nilikwenda Mwadui kumsalimia. Asubuhi Kulwa alinituma gulioni Maganzo nimletee dagaa, yeye akabaki anamenya viazi vya michembe, vya kukata na kuanika. Niliondoka bila kujifunika, jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa nachagua dagaa niliposhikwa mkono kwa nguvu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kilemba cha kijani, sijawahi kumwona maishani. Alianza bila salamu. Pasi yake ya mkaa niliiazima kabla ya Pasaka, akasema. Pasaka imepita, mavuno yamepita, watoto wake wanakwenda shule na mashati yaliyokunjamana, na kila akija kugonga anaambiwa nimetoka. Alisimama mbele yangu kiasi cha kunusiana pumzi, ananitazama usoni, penye mwanga wote ule, na alinitazama hasa, kama mtu anavyomtazama anayemdai. Aliangalia macho yangu, akaangalia pua, akarudi kwenye macho. Hakuona kitu cha kumsimamisha. Akaendelea kunisema kwamba nimemzoea, kwamba anajua mume wangu ana kazi nzuri na tungeweza kununua pasi yetu. Watu wakageuka. Muuza dagaa akatabasamu.

Nilimwacha amalize yote. Sikutaka akose hata neno moja. Alipochoka nilimwambia, "Naomba radhi, mama. Nitaileta leo."

"Ulisema hivyohivyo siku ile, Kulwa," akasema, akaniachia mkono.

Nilirudi na dagaa kidogo kuliko nilivyotumwa, kwa sababu nilisahau kilichonipeleka. Kulwa alikuwa uani na kisu na beseni. Akauliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia kuna mwanamke wa kilemba cha kijani anataka pasi yake, na amenitukana nusu saa. Kulwa akasema mwanamke huyo hana adabu, akanyanyua kiazi kingine. Kisha akasimamisha kisu.

"Amekutukana wewe?"

"Amemtukana Kulwa."

Aliweka kila kitu chini. Akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akatoka na pasi ya mkaa, nzito, imeota kutu kwenye mpini. Nilidhani anataka kuirudisha mwenyewe. Akanipa mimi.

"Ipeleke," akasema. "Umeahidi."